Kurejesha Matuta ya Mchanga ya Ufukweni kwa Mchanga wa Kuchimbwa Baharini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Tarehe 29 Oktoba 2012, dhoruba Sandy ilipoingia nchi kavu karibu na Atlantic City, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, bahari iliukata ukanda mwembamba wa mchanga huko Mantoloking ikakutana na ghuba iliyo nyuma yake, na barabara pamoja na nyumba zilizokuwa katikati zikachukuliwa na maji. Kusini zaidi, kwenye kisiwa cha Long Beach, vitongoji vya Harvey Cedars na Surf City vilivyokuwa vimekwisha kujengewa matuta mapya vilipata hasara ndogo kuliko jirani yao Holgate, ambako kazi hiyo ilikuwa haijafika. Mwongozo huu unafuata kazi jinsi inavyofanywa kwenye pwani hiyo, ambayo nimeitembea na vyombo vya upimaji kwa miaka kadhaa.

Kabla ya hatua ya kwanza, ni lazima kuelewa tuta linafanya nini. Dhoruba inapoyainua maji, mawimbi huufikia mguu wa tuta, mchanga huporomoka, maji yanayorudi huuvuta hadi kwenye kina kifupi, na hapo hujikusanya kuwa fungu ambalo huyavunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika pwani. Tuta, kwa hiyo, ni akiba inayowekwa ili iliwe. Anayelijenga kana kwamba ni ukuta hufikiria urefu wake tu, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Hatua ya 1: Pima ufuko ulionao

Chora mistari ya upimaji inayoanzia nyuma ya tuta la zamani, ikipita juu yake, ikashuka ufukweni na kuingia baharini mpaka kwenye kina ambacho mawimbi hayasogezi tena mchanga kwa kiasi cha maana. Sehemu ya nchi kavu hupimwa wakati wa maji kupwa, na ikiwezekana kwenye bamvua, ili vipimo vya miguu na vile vya mashua vipishane badala ya kuacha pengo katikati. Vipimo vyote virejelee usawa mmoja uliokubaliwa kisheria, kwa maana tofauti ya sentimita 20 kwenye kitako cha vipimo, ikienezwa juu ya kilomita kadhaa za ufuko, ni shehena nyingi za meli inayochimba mchanga baharini.

Hatua ya 2: Kokotoa ujazo, kisha ndipo uzungumze urefu

Shirika la Marekani linalosimamia maafa, FEMA, limetumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kipimo ambacho bado ni kianzio kizuri: chukua mkato wa tuta, yaani sura yake ukilikata kutoka bahari kuelekea bara, hesabu eneo la mchanga lililo juu ya kiwango cha maji ya dhoruba yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, na lililo upande unaoelekea bahari kuanzia kileleni. Eneo hilo likipungua futi za mraba 540, yaani mita za mraba 50 hivi, tuta huhesabiwa kwamba litaliwa lote katika dhoruba hiyo moja. Kwa lugha ya mkandarasi, hizo ni mita za ujazo 50 kwa kila mita ya ufuko, na hapo hujaugusa mchanga unaolishikilia tuta kwa chini wala ule wa mbele yake.

Mradi uliojengwa baada ya Sandy kati ya mlango wa bahari wa Manasquan na ule wa Barnegat unaonyesha uwiano huo vizuri. Sehemu yake kubwa ilisanifiwa kwa tuta lenye kilele cha mita 6.7 juu ya usawa wa rejea, mgongo wenye upana wa mita 7.6, na miteremko inayopanda mita 1 kwa kila mita 5 za mlalo, huku ufuko ulio mbele yake ukiwa kwenye kimo cha takriban mita 2.6. Ukifanya hesabu, tuta hilo lina msingi wa karibu mita 49 na mkato wa mita za mraba 115 hivi. Mradi mzima, wenye urefu wa kilomita 22.5, ulikadiriwa kuhitaji takriban mita za ujazo milioni 8.4, ambazo ni kama mita za ujazo 370 kwa kila mita ya ufuko. Maana yake ni kwamba chini ya theluthi moja ya mchanga ndiyo inayoonekana kama tuta; uliobaki ni ufuko mpana pamoja na mteremko ulio chini ya maji. Mteja akikuomba upunguze gharama kwa kuufuta ufuko na kulibakiza tuta pekee, mwonyeshe hesabu hii, kwa kuwa tuta lisilo na ufuko mbele yake huanza kuliwa na dhoruba za kawaida za majira ya baridi, kabla dhoruba kubwa haijafika.

Hatua ya 3: Tafuta mchanga unaofanana na wa mahali

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Kusanya sampuli za mchanga wa ufuko wenyewe, kutoka mgongo wa tuta la zamani hadi chini ya maji, uzikaushe, uzipitishe kwenye chekeche za matundu mbalimbali, na uchore mgawanyo wa punje zake. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mchanga wa kilindini, ukitumia mabomba ya kutoboa yanayotetemeshwa hadi yakazama mita kadhaa kwenye sakafu ya bahari. Mchanga unaotafutwa uwe na punje sawa na za mahali au kubwa kidogo. Ukiwa mwembamba zaidi, mawimbi yatautandaza kwenye mteremko wa taratibu zaidi, nao ufuko mkavu ulioulipia utaishia chini ya maji. Ukiwa mzito mno na wenye changarawe nyingi, ufuko utakuwa na mteremko mkali na upepo hautaweza kuupandisha mchanga huo kwenye tuta, na tuta lisilolishwa na upepo haliwezi kujitibu.

Usibanie matundu ya uchunguzi. Katika kazi moja niliyoshiriki, yalitobolewa mbali mno moja na jingine, na siku ya tatu ya kusukuma mchanga bomba lilianza kutapika tope la kijivu lililokuwa limejificha katikati. Meli ilihamishwa, lakini gharama ya siku zile ilizidi ile ya matundu yaliyookolewa kwenye bajeti.

Chunguza pia historia ya sakafu ya bahari. Mwaka 2007, baada ya mchanga kusukumwa kwenye fukwe za Surf City na Ship Bottom, yaligunduliwa ndani yake mabaki ya silaha za kijeshi ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza yaliyowahi kutupwa baharini, zaidi ya vipande elfu moja, na fukwe zikafungwa ili zichekechwe. Tangu hapo imekuwa desturi kwenye pwani hiyo kuweka nyavu za chuma kwenye kichwa cha meli cha kufyonzea mchanga na kwenye mdomo wa bomba la ufukweni.

Hatua ya 4: Pata haki ya kutumia ardhi kutoka kwa kila mwenye kiwanja

Wahandisi wengi huiona hatua hii kuwa ya wanasheria, lakini ndiyo inayoamua kama tuta litakuwa na mapengo. Maji ya dhoruba hayagombani na sehemu ndefu ya tuta. Hutafuta mahali palipo chini kuliko pote, hupita hapo, na yakishapita huchimba. Kiwanja kimoja kilichokataa ni mlango uliofunguliwa kwa majirani wote.

Huko New Jersey baadhi ya wenye nyumba walidai fidia kubwa kwa kuwa tuta lingewazibia mandhari ya bahari. Katika kesi iliyotoka Harvey Cedars, baraza la wazee wa mahakama liliwapa wenye nyumba dola 375,000, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba fidia lazima izingatie pia faida ya ulinzi ambayo nyumba inaipata kutokana na tuta hilohilo, na shauri likaisha kwa makubaliano ya dola 1. Anza mazungumzo haya mapema, ukiwa na mchoro unaomwonyesha kila mtu tuta litakavyoonekana kutoka barazani kwake. Kwa uzoefu wangu, mchoro huo hushawishi kuliko barua tatu za kisheria.

Hatua ya 5: Panga kalenda kwa kufuata viumbe

Ndege wadogo wa jamii ya kitwitwi wanaolindwa na sheria hutaga kwenye mchanga mtupu kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, na vichwa vya kufyonzea lazima vifungwe vizuizi vya kuwasukuma kasa pembeni. Vibali vitaeleza mengine. Yasome kabla ya kutia saini mkataba wa meli.

Hatua ya 6: Sukuma mchanga hadi ufukweni

Meli hufyonza mchanga uliochanganyika na maji, hujaza tumbo lake, husafiri hadi karibu na pwani, hujiunga na bomba lililolazwa chini ya bahari, na kuusukuma mchanganyiko huo hadi nchi kavu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji, tingatinga hutangulia kujenga kingo ndefu ya mchanga sambamba na bahari, ili maji yatembee mbali kabla ya kurudi na mchanga upate nafasi ya kutuama. Lipa kwa mchanga uliopimwa ukiwa umekaa ufukweni, kabla na baada ya kila sehemu, na si kwa hesabu ya shehena za meli, maana kinachomwagika njiani hakimlindi mtu.

Hatua ya 7: Chonga tuta, kisha lipe nyasi

Tuta likishachongwa kwa kimo na miteremko ya usanifu, weka uzio wa fito wenye kimo cha mita 1.2, ambao nusu yake ni mbao na nusu ni nafasi tupu. Upepo ukipita hapo hupunguza kasi na kuuangusha mchanga. Uzio uliozibwa kabisa huleta kisulisuli na kuchimba mguu wake mwenyewe.

Nyasi zinazotumika huko ni Ammophila breviligulata, ambazo huota juu zaidi kila zinapofunikwa na mchanga. Hupandwa kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Machi, zikiwa zimelala, mashina 2 au 3 katika shimo lenye kina cha sentimita 20 hivi, kwa nafasi ya sentimita 45. Shimo fupi ndilo kosa la kawaida la vibarua waliochoka, na upepo huling'oa shina hilo ndani ya wiki. Msomaji wa Lamu au Malindi asiyaagize majani haya. Pwani yetu ina mlakasa, unaotambaa wenyewe juu ya mchanga wa chumvi. Tena matuta ya Shela yana kazi nyingine kubwa, kwani ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu.

Njia za watembea kwa miguu zipande juu ya tuta na kushuka, zikiwa zimekatwa kwa mshazari, zisielekee moja kwa moja pepo na mawimbi ya dhoruba. Njia iliyochimbwa katikati ya tuta ni lilelile pengo la hatua ya 4, safari hii tukilifungua wenyewe.

Hatua ya 8: Rudi kupima

Katika mwaka wa kwanza ufuko utapungua upana mbele ya macho ya watu, na pengine mawimbi yatauchonga kuwa kingo iliyosimama wima. Magazeti yatasema fedha zimemezwa na bahari. Sehemu kubwa ya mchanga huo imeshuka kwenye mteremko wa chini ya maji, pale hasa ulipohesabiwa kwenye usanifu, na mistari yako ya upimaji inayoingia baharini ndiyo itakayothibitisha jambo hilo. Kingo iliyo juu kuliko kimo cha mtu isawazishwe kwa tingatinga, kwa usalama wa wanaokwenda kuogelea.

Mradi wa Manasquan hadi Barnegat umepangwa kuongezewa mchanga kila baada ya miaka 4 hivi. Usiingoje tarehe hiyo kama dhoruba imepita: rudi kwenye mistari ileile, hesabu upya zile mita za mraba 50, na mahali popote zilipopungua weka uzio mpya wa fito kabla upepo wa msimu haujaanza kuvuma.