Kujenga koo, ndoa na mapenzi katika ulimwengu wa mchezo wa kuigiza wahusika

Waandaaji wengi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambapo kila mchezaji humwigiza mhusika wake na msimamizi husimulia ulimwengu, huwa na ramani ya milima, orodha ya miungu na bei ya panga. Ukiwauliza mtoto wa mhunzi anahesabiwa ukoo gani, hawana jibu. Pengo hilo hujazwa na mazoea: kila nyumba ina baba, mama na watoto, kila mfalme ana malkia, na mchezaji ambaye maisha yake hayako hivyo hana pa kumweka mhusika wake. Sentensi moja ya utangulizi, "hapa mapenzi ya kila aina yanakubalika", haizibi pengo. Kinacholiziba ni sheria za urithi, makazi na malezi, kwa kuwa hizo ndizo wachezaji hukutana nazo wakiwa mezani.

Ukoo kwanza

Chukua nusu ukurasa ujibu maswali matano, sentensi moja kwa kila swali. Mtoto anahesabiwa kuumeni, kukeni, au kote? Watu wakioana, nani anahamia kwa nani? Nyumba na shamba hurithiwa na nani? Mtoto akilia usiku, nani huamka? Ndoa huvunjwa vipi, na mbele ya nani?

Usiunganishe ndoa, mapenzi na uzazi kabla hujaamua kama ulimwengu wako unaviunganisha. Binadamu wenyewe wameviachanisha mara nyingi. Kwa Wamosuo wa kandokando ya Ziwa Lugu, kusini-magharibi mwa China, kwa desturi mwanamume humtembelea mpenzi wake usiku na kurudi kwa mama yake asubuhi. Watoto hukulia nyumbani kwa mama, na wajomba husaidia kuwalea. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, mwanamke asiyejaliwa watoto aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe, na watoto waliozaliwa wakamhesabu yeye kuwa baba. Ndoa hiyo ilihusu jina na uzao, haikuwa lazima ihusu mapenzi. Katika baadhi ya jamii za Tibet na Nepal, ndugu wa kiume walimwoa mke mmoja ili shamba lisigawanyike. Kwako wewe, chukua utaratibu tu: nani anarithi, nani analea. Ukichukua pia mavazi, nyimbo na majina ya watu hao, umeshaanza kuwachora vibaya watu walio hai.

Kisha pitisha majibu yako kwenye visa ulivyokwisha kuandika. Kisa kinachoanguka mara nyingi ni kile cha mfalme asiye na mrithi. Kama sheria inaruhusu kumwasili mtu mzima, mfalme mwenye mume anaweza kuchagua mrithi kesho asubuhi, na mgogoro wako umekwisha. Usiifute sheria, hamisha mgogoro. Kaisari Nerva wa Roma alimfanya Trajan mwanawe wa kuasili mwaka 97, na urithi wa namna hiyo uliendelea hadi Marcus Aurelius, ambaye kiti chake kilichukuliwa na mwanawe wa damu, Commodus, mwaka 180. Mtoto wa kuasili mwenye uwezo dhidi ya mtoto wa damu aliyekasirika ni kisa cha kutosha kampeni nzima, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja.

Kiswahili chenyewe kinajenga ulimwengu

Tunacheza kwa lugha isiyotofautisha jinsia kwenye "yeye" wala kwenye "amekuja". Hiyo ni nafuu, na ni mtego pia. Ukisema "mwenzi wake" kampeni nzima, kila msikilizaji atajaza alichozoea na hakuna atakayeona ulichokusudia. Mara moja mapema, sema wazi: "Kapteni Saro anakaa na mumewe, ambaye ndiye anayeshona matanga." Baada ya hapo "mwenzi" inatosha.

Kazi kubwa iko kwenye vitenzi. Kwa mazoea mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kusema mwanamume "ameolewa" ni kumkejeli. Ndani ya mchezo unaweza kukipa kitenzi maana nyingine: anayeoa ni yule ambaye nyumba yake inapokea, anayeolewa ni yule anayehama. Basi mdogo wake mfalme ameolewa kaskazini, wanawake wawili wa soko la chumvi mmoja amemwoa mwenzake, na hakuna wa kucheka. Tumia maana hiyo kwenye kikao cha kwanza, kwa sauti ya kawaida, kupitia mhusika anayeheshimika. Wachezaji wataizoea haraka kuliko wakisomewa kurasa za maelezo. Pale ambapo hakuna anayehama, "wameoana" ndilo neno.

Majina ya undugu nayo yana kazi. Katika jamii ya kukeni, mjomba ndiye mwenye sauti na mali, kwa hiyo mhusika anayetafuta mfadhili aende kwa mjomba, si kwa baba. Ndugu wa kuchanjiana wawe na haki zilizoandikwa: je, wanarithiana? Je, mmoja akifa, mwingine analea watoto wake?

Kete zikusaidie kuvunja mazoea

Ukibuni wanakijiji papo kwa papo, akili hurudi kwenye familia ileile. Andaa nyumba 12 kabla ya mchezo kwa dadu ya pande sita. 1: bibi, binti zake na watoto wao. 2: mume, mke na watoto. 3: wenzi wa jinsia moja, wenye watoto wa kuasili au wasio nao. 4: mzazi mmoja anayelea pamoja na ndugu zake. 5: wenzi watatu au zaidi. 6: watu wasio ndugu wa damu walioapishana kuishi pamoja. Rekebisha orodha ifuate majibu yako matano.

Kwa kurusha mara 12, kila upande hutarajiwa kutokea mara mbili, lakini kwa upande mmoja utakaoutaja mapema, tuseme 3, upo uwezekano wa takriban asilimia 11 kwamba hautatokea kabisa. Kwa hiyo rusha mara 9 tu, na nyumba 3 za mwisho zichague mwenyewe kujaza kilichokosekana. Kila nyumba iwe na kazi na shida isiyohusu mapenzi: deni, paa linalovuja, ugomvi wa mpaka.

Zingatia wingi. Wapenzi wa jinsia moja wakiwa jozi moja tu katika nchi nzima, jozi hiyo hubeba sura ya wote: wakiwa wasaliti, umesema kitu ambacho hukukusudia, wakifa, umewafuta. Wakiwa nyumba tatu au nne, mmoja anaweza kuwa mwizi, mwingine shujaa, mwingine mzee mwenye maneno mengi. Vivyo hivyo kwa asiyetaka mapenzi wala ndoa. Asiwe mchawi wa pangoni peke yake. Awe pia mwalimu anayependwa na mji.

Uchawi wa kubadili mwili, kama upo, una matokeo. Amua unagharimu nini na unapatikana wapi, kwa kuwa watu wanaotaka kuishi kwa jinsia wanayojitambua nayo watautafuta. Usiufanye laana ya kuchekesha.

Chuki iwepo au isiwepo?

Waulize wachezaji, usiwaamulie. Kuna ulimwengu usio kabisa na chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na wengine wanaoishi nje ya mazoea, kuna unaoiacha mbali kwenye historia, na kuna ambao iko na inaweza kupigwa vita. Wanaoiishi kila siku mara nyingi hawaji mezani kuikuta tena. Mkikubaliana iwepo, ipe chanzo ndani ya ulimwengu: hekalu linalokula mali za wasio na warithi, kwa mfano. Chuki isiyo na chanzo hukaa kama doa lililotoka kwenye ulimwengu wetu, na wachezaji hawana pa kuishika ili waivunje.

Mezani

Tenga dakika 30 za kikao cha awali. Kila mtu ataje, kwa sauti au kwa karatasi isiyo na jina, mambo yasiyoingia kabisa na mambo yatakayopita nyuma ya pazia. Faragha za mapenzi kwa kawaida huenda nyuma ya pazia. Weka mezani Kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos: anayeigusa huruka tukio bila kudaiwa maelezo.

Mwelekeo wa kimapenzi wa mhusika ni wa mchezaji wake. Msimamizi asiupange, na kete za ushawishi zisimlazimishe mhusika wa mchezaji kumpenda yeyote. Dawa ya mapenzi na uchawi wa kuvuta moyo uandike kwenye sheria zako kama shambulio, sawa na sumu: anayenyweshwa ana nafasi ya kujikinga, na wanakijiji wakigundua, aliyeitia kwenye kikombe anapelekwa mbele ya wazee.