Kabla hujalaza mbao juu ya zege

Wale mnaoweka sakafu ya mninga juu ya zege, kabla fundi hajamwaga gundi kata nailoni angavu kama sentimita 45 kwa 45, ilaze kwenye zege lililofagiwa, ziba kingo zote nne kwa selotepu pana alafu iache masaa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi jeusi, subiri kwanza, maana unyevu unapanda toka chini, mbao inanyonya upande wa tumboni inavimba na kingo zinanyanyuka kama sahani. Ila nailoni ikiwa kavu usishangilie sana, zege nene linaweza kukauka juu huku ndani bichi, na jua likipiga hapo kipimo kinadanganya. Pima na upande wa bafuni, huko ndo kwenye kesi.