Panga kurasa za mtandaoni za biashara yako kwa maswali ya wateja
Mimi ni fundi cherehani, na wateja huniuliza yaleyale: bei, muda, vipimo. Mpango wako uanzie hapo. Andika maswali hayo daftarini. Kila moja litakupa posti yake. Kisha chagua mtandao mmoja tu, ule walipo wateja wako. Kwenye WhatsApp Business, jaza katalogi (orodha ya bidhaa zako na picha zake), weka saa za kazi na majibu ya haraka, yaani majibu uliyoyaandika mapema. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo picha nzuri iweke kwenye katalogi pia. Piga picha mchana, karibu na dirisha, mshono uonekane vizuri. Usibabaishwe na idadi ya wafuasi; hesabu walioagiza. Na tafadhali, mteja ajibiwe siku hiyohiyo, hata kumwambia tu kwamba kazi zimejaa.