Stani iwe shahidi: namna ya kunasa joto la metali ya kioo

Kabla hujagusa mashine, chukua waya wa kufungia nondo. Ukunje na kuukunjua harakaharaka mahali pamoja, mara kumi na tano hivi, kisha uguse kwa mdomo. Unachoma. Nguvu ya mkono wako imegeuka joto, karibu yote. Waya huo ni wa fuwele, atomi zake zimejipanga, na hapo ulipokunja zimeteleza sehemu nyingi kwa pamoja. Joto limeenea, ndiyo maana mdomo unalisikia.

Metali ya kioo haina mpangilio huo. Hupozwa upesi mno hadi atomi zinaganda zikiwa shaghalabaghala kama zilivyokuwa katika kimiminika. Ya kwanza, ya dhahabu na silikoni, ilitengenezwa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, Marekani, mwaka 1960. Mimi hupima aina iitwayo Vitreloy 1, yenye zirikoni, titani, shaba, nikeli na berili. Ukiibana hubonyea na kurudi mpaka kiasi cha asilimia 2, kisha ghafla huteleza kwenye mkanda mmoja wenye unene wa nanomita 10 hadi 20. Unywele wako ni mnene kuliko mkanda huo mara maelfu.

Hapo ndipo nilipopotea. Wiki nzima niliielekezea sampuli kamera ya joto, nikaona digrii chache tu, nikaandika daftarini kwamba haipati moto. Kamera ilikuwa nzima. Doa moja la picha yake hufunika eneo pana kuliko mkanda mara nyingi sana, na mkanda huwaka na kupoa kabla picha haijachukuliwa. Nilichosoma kilikuwa wastani wa sehemu baridi.

Njia ninayoiamini ni ile ya watafiti Lewandowski na Greer ya mwaka 2006: paka stani, metali ileile ya kwenye waya wa kulehemu nyaya za redio. Huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na ikishayeyuka alama haifutiki.

Kata kipande chako kwenye maji, kamwe usikate kikavu. Vumbi la berili linaharibu mapafu na halisameheki. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Ng'arisha ubavu mmoja hadi ujione kama kwenye kioo, maana mikwaruzo utakuja kuidhania mikanda. Chonga mfuo mdogo ili ujue mtelezo utaanzia wapi. Halafu fukizia stani ndani ya chombo kisicho na hewa, yaani igeuze mvuke ugandie ubavu huo, utando mwembamba kabisa, kwa sababu ukiwa mnene utanyonya joto lenyewe unalotaka kulipima. Pinda polepole, na simamisha mashine kabla sampuli haijakatika. Usidhani upole wako utaupunguza moto: mkanda ukishaachia unakimbia kwa mwendo wake wenyewe.

Sasa iweke chini ya hadubini ya elektroni. Mbali na mkanda, stani imetulia kama ilivyopakwa. Ukikaribia mstari wa mtelezo, utando umekusanyika kuwa vishanga vya mviringo, kama maji juu ya jani la yugwa. Hapo ndipo ilipoyeyuka. Pima umbali kutoka mstarini hadi kishanga cha mwisho: kadiri eneo lilivyo pana, ndivyo joto lililotoka lilivyokuwa jingi. Ila 232 ni kiwango cha chini tu. Katikati ya mkanda huenda palipita mbali zaidi, na stani haiwezi kukwambia ni kiasi gani.

Ukikuta mkanda usio na vishanga, usiutupe. Mtelezo mfupi hutoa joto dogo. Na eneo lililoyeyuka huwa pana kuliko mkanda wenyewe, kwa hiyo si joto linaloamua unene wake; mimi naona atomi hulegea kwanza, moto hufuata.

Ukimaliza, ivunje kabisa utazame uso wa mvunjiko. Utaona mishipa iliyovutika na matone yaliyogandia humo, mfano wa asali iliyotenganishwa kati ya vidole viwili.