Kufunga tangi la mfuko kwenye gari kuukuu la rali

Mwezi huu nilimsaidia kijana mmoja hapa Changamwe, Mombasa, kufunga tangi la mbio kwenye Datsun 160J, aina ile ile dereva Shekhar Mehta aliyoshindia Safari Rally mwaka 1979 na 1980. Tangu siku hiyo simu haitulii, kila mtu anauliza swali lile lile: tangi hilo hufungwaje? Basi naandika mara moja.

Wengine huliita seli ya mafuta, na kuna wanaodhani ni mambo ya haidrojeni. Siyo. Ni mfuko wa mpira mgumu wenye nyuzi, umekaa ndani ya sanduku la chuma au alumini, na tumboni una sifongo ya kuzuia petroli isichape huku na huku. Gari likigongwa nyuma, tangi la bati hupasuka, mfuko hubonyea tu.

1. Soma lebo kabla ya kutoa pesa. Mifuko ya mtumba ni mingi. Ya kiwango cha FT3-1999 cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutumika miaka 5 tangu kutengenezwa, na aliyeutengeneza akiukagua anaweza kuuongezea hadi miaka 2 zaidi. Halafu tia mkono mdomoni mwake, uibane sifongo. Ikikuachia makombo vidoleni, imekwisha. Makombo hayo utakutana nayo kwenye chujio.

2. Toa betri, kisha toa tangi la zamani. Usilichomelee, hata kama ni tupu. Mvuke uliobaki ndani ndio unaoua.

3. Fremu ya kushikia sanduku la tangi. Ichomelee nje ya gari, uipake rangi pande zote, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma. Lita 60 za petroli ni kama kilo 45, kwa hiyo sitaki kuona skrubu za kujitoboa. Mie hutia boliti za milimita 10, na chini ya sakafu kipande cha chuma cha kuzibeba.

4. Ukuta. Baina ya buti na dereva ziba kwa bati la alumini na ribiti. Tundu lolote ambalo mwanga unapita, moto nao unapita.

5. Pumzi, yaani njia ya hewa ya tangi. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, nilipofunga tangi langu la kwanza. Gari liliwaka vizuri, tukazunguka mtaani bila neno. Tukashika njia ya Mariakani. Miritini likaanza kukohoa, Mazeras likazima. Tukangoja kama dakika kumi, likawaka tena kana kwamba halikuwa na shida. Nikabadilisha chujio. Nikabadilisha pampu. Kabureta niliifungua mara mbili, mwenye gari amenisimamia kichwani akihesabu spana zangu. Siku ya pili, likiwa limezima, nikafungua kifuniko nione kama mafuta yamo: *fyuuu!* Likavuta hewa kama mzamiaji aliyeibuka.

Pampu ilikuwa ikivuta petroli, lakini hewa ya kujaza nafasi yake haiingii. Kwenye mpira wa pumzi kuna valvu ya kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka, na ndani yake mna goroli. Buti lilikuwa fupi, nikailaza ubavu. Goroli likakaa pale pale kwenye tundu.

Kwa hiyo valvu isimame wima, isipokuwa ile iliyotengenezwa kulazwa, nayo huwa imeandikwa. Mpira upande hadi juu ya buti, uvuke upande wa pili, ndipo ushuke na kutokea nje chini ya sakafu. Lakini usiuache ulegee katikati: petroli itatuama pale bondeni na kuziba kama kizibo. Lakini pia usiutoe karibu na ekzosi. Wala usiutolee kwenye gurudumu, matope yataumeza. Na kabla petroli haijaingia kabisa, puliza kwa mdomo, kisha vuta. Hewa ipite kwenda na kurudi. Hiyo ni kazi ya dakika moja.

6. Mipira. Tumia mipira ya petroli iliyosukwa chuma, ishikwe kwa vibanio vyenye raba. Viungo vya koni havitaki ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji. Nyuzi zake huishia kwenye kabureta. Vichujio vya plastiki waachie wenye tuktuk.

7. Waya wa athi, wa kuondoa umeme tuli, toka shingo ya kujazia hadi kwenye bodi. Kwangua rangi kwanza.

8. Jaribio. Tia lita 10, uliache gari juani saa saba mchana, buti limefungwa. Baada ya saa moja lifungue na unuse kabla hujagusa kitu. Ukisikia harufu, pitia viungo kwa kidole kikavu kimoja kimoja. Usiposikia, nenda Mariakani na urudi, na ukifika fungua kifuniko taratibu, sikio likiwa karibu.