Kabla hujakata tawi la kutengenezea upinde, soma hii kwanza

Kama umeamua kutengeneza upinde wa mti mmoja, yaani ule ambao hamna kipande kimeunganishwa wala kubandikwa, ni tawi tu limechongwa mpaka likawa upinde, basi naomba kwanza uweke panga chini. Najua mkono unawasha. Lakini pinde nyingi zinazovunjika zimeharibiwa mapema kabisa, siku mtu anachagua tawi au siku anaposhindwa kusubiri likauke, alafu lawama zote zinaenda kwa kisu.

Cha kwanza ni ruhusa, hapa sitakaa sana. Mti una mwenyewe, na kama ni msitu wa hifadhi kuna sheria zake, kwahiyo uliza kabla. Pia ujue upinde ni silaha, angalia sheria za unapoishi zinasemaje kuhusu kuwa nao na wapi unaruhusiwa kuutumia.

Sasa tuje kwenye tawi lenyewe, na hapa nataka twende polepole maana ndo kila kitu. Upinde ukivutwa, upande unaotazama shabaha unavutika na kutanuka, huo tunauita mgongo, na upande unaokutazama wewe unabanwa, hilo ni tumbo. Mti ukianza kuvunjika kwa kutanuka huanzia mgongoni, pale ambapo nyuzi zake zimekatwa. Ndo maana tawi dogo ni zuri sana kwa anayeanza, kwa sababu ukitoa gome tu, pale chini yake mgongo uko tayari, nyuzi zote ni nzima kutoka ncha hadi ncha na wewe hutaugusa tena, kazi yote ya kuchonga inafanyika tumboni na ubavuni. Na hii sio njia ya kubahatisha. Kule Holmegaard, Denmark, miaka ya 1940 zilifukuliwa kwenye kinamasi pinde za mti wa elmu zenye umri wa karibu miaka 9,000, na zilichongwa kwenye vigogo vyembamba hivyo hivyo, mgongo ukiwa ni ule mti wa nje chini ya gome.

Tafuta tawi au mche wenye unene wa sentimita 5 hadi 8, ulionyooka, wenye mafundo machache. Fundo moja moja dogo halina shida, utaliachia mti mwingi kidogo kulizunguka, ila mafundo yakijazana katikati ya mkono wa upinde, yaani ile nusu kutoka kwenye mshiko hadi ncha, achana nalo. Angalia mistari ya gome, ikiwa inazunguka mti kama kamba iliyosokotwa ujue na nyuzi za ndani zinazunguka hivyo hivyo, na upinde wako ukikauka utajipinda upande. Tawi lililokauka mtini au uliloliokota chini usilichukue hata kama linaonekana gumu, huwezi kujua wadudu na uozo umefika wapi. Na kama ni tawi lililokua kwa kulala, kwenye miti ya majani mapana ule upande wa juu ndo ulikuwa unavutwa na uzito wake miaka yote, kwahiyo mti umejijenga kuhimili kuvutwa, mara nyingi ndo unaofaa kuwa mgongo. Kabla hujakata chora alama juu, ukishalibeba hutakumbuka.

Kuhusu aina ya mti, utasikia watu wanataja miti kama yu na osage kama vile bila hiyo hamna upinde, usikate tamaa. Mti wowote mgumu na wenye nyuzi ndefu unaweza kujaribiwa. Kata kitawi cha unene wa kidole kwenye mti huo huo, kikaushe, alafu kikunje mpaka kivunjike. Kikikatika pa! kama karoti, tafuta mti mwingine. Kikipasuka na kuacha vijiti virefu vinavyong'ang'aniana, hapo una matumaini. Mti mzito unaweza kuchongwa mwembamba kiasi, mti mwepesi unataka upinde mpana zaidi. Ila chunguza kama mti huo hauna sumu, maana kuna miti (yu ni mmojawapo) ambayo hata vumbi lake lina madhara, barakoa ni lazima wakati wa kupiga tupa na msasa.

Vipimo vipangwe kabla ya kukata, sio baada. Jipime unavuta umbali gani kutoka kwenye mshiko mpaka kamba inapofika shavuni, tuseme ni sentimita 70. Zidisha mara 2 unapata 140, ongeza kama 20 au 25, kwahiyo upinde wako uwe sentimita 160 hadi 165. Mfupi zaidi ya hapo unaweza kufanyika lakini sio upinde wa kwanza. Alafu tawi lenyewe likate refu zaidi, sentimita 190 hivi, maana ncha mara nyingi hupasuka na utahitaji kuzipunguza. Nguvu ya kuuvuta nayo ipange: anayeanza kilo 13 hadi 18 zinamtosha kabisa, na upinde mlaini unakusamehe makosa ambayo upinde mkali haukusamehi.

Siku ya kukata anzia msumeno chini ya tawi kidogo ndo uende juu, ukianza juu tu uzito wake utalichana na huo mchano unaweza kukimbia mpaka ndani ya upinde wako. Beba gundi ya mbao au rangi huko huko uendako. Ncha zote mbili zipake siku hiyo hiyo, tena mapema, kwa sababu maji hutoka kwa kasi kwenye ncha kuliko ubavuni, ncha zinasinyaa kabla ya sehemu nyingine na mti unapasuka. Gome likitoka kirahisi kama ganda la ndizi, litoe lakini mgongo nao upake gundi au vanishi, ukiuacha wazi utapasuka vimistari. Gome likigoma liache kwanza, utalikwangua taratibu baadaye kwa kitu butu. Usitumie kisu kikali, mkwaruzo mmoja mgongoni unatosha kukuharibia.

Alafu kukausha. Tawi zima la duara linaweza kuchukua mwaka, na ni hapa ndo watu wanachoka. Njia fupi ni kupunguza tumbo mapema, uchonge likiwa bichi mpaka lipate umbo la karibu na upinde lakini bado nene, usijaribu kulikunja, alafu ulifunge kwenye ubao ulionyooka lisije kujipinda, uweke ndani kwenye kivuli na hewa inayopita. Hivyo wiki 4 hadi 8 zinaweza kutosha kutegemea hali ya hewa. Usihesabu siku lakini, tumia mizani. Pima uzito kila baada ya siku 3 na uandike, uzito ukigoma kushuka kwa wiki nzima basi mti umelingana na hewa ya hapo. Mimi tawi langu la kwanza nililiweka juani ili liwahi, siku ya pili asubuhi nikakuta ufa wa mgongoni unaingia kidole, na lilikuwa tawi zuri sana, linaniuma mpaka leo. Likiwa bado na maji halitavunjika lakini litakunjika na kubaki limekunjika, upinde hauna nguvu tena.

Vifaa havihitaji hela nyingi: shoka dogo au panga, kisu kikali, tupa ya mbao, msasa, tepu ya kupimia, penseli, kitu cha kubania tawi lisicheze, na mizani ya kuning'iniza. Tupa usiiache. Unene ukipungua kwa sehemu moja tu ya 10, ugumu wa pale unashuka zaidi ya robo, kwahiyo pigo moja la shoka mwishoni linaweza kumaliza kazi ya wiki. Kamba iwe ya poliesta isiyovutika, nailoni inarefuka.

Na kabla hujaanza kuukunja andaa ukutani mahali pa kuuegemeza mshiko, kamba ipite kwenye kapi chini, wewe uvute ukiwa umesimama pembeni na miwani machoni, uone mikono yote miwili inavyokunjika. Ukiona sehemu moja inakunja kuliko nyingine hapo hapo legeza, usivute hata sentimita moja zaidi, weka alama ya penseli pale pagumu na upunguze pale pagumu tu, kidogo, alafu uvute tena kidogo kidogo mara 20 au 30 mti uzoee kabla ya kupima. Na ukiishaweka kamba usiuvute ukaiachia bila mshale, hata mara moja, wala usimpe mtu aujaribu hivyo.