Somo: jinsi ya kuwaamsha majirani kuhusu mbu wa dengue bila kuwahubiria

Wadau, mimi najitolea mambo ya afya ya jamii na kosa langu la kwanza lilikua kukusanya watu, nashika kipaza sauti, naongea malaria, dengue, chikungunya, homa ya manjano na matende yote ndani ya saa moja, watu wanapiga makofi wanaondoka, halafu wiki inayofuata naenda kuchungulia pipa la yule aliyepiga makofi kuliko wote limejaa viluwiluwi. Kwahiyo hapa naandika kinachofanya kazi.

HATUA YA 1: Chagua mbu mmoja, na anza kwa kuuliza.
Kabla hujafundisha waulize watu wanajua nini. Wengi watakwambia mbu ni wa usiku na anazaliana kwenye maji machafu. Sasa huyo Aedes anayeleta dengue (wengine mnaiita kidingapopo) ni mweusi ana madoa meupe miguuni, anauma mchana hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vyetu wenyewe, hata masafi. Huyo huyo ndio anabeba na chikungunya, jina ambalo limetoka kwenye Kimakonde, maana yake ni kujikunja kwa sababu ya maumivu ya viungo, na ugonjwa wenyewe ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Mbu wa malaria ana tabia zake tofauti, ukiwachanganya siku moja watu hawabaki na kitu.

HATUA YA 2: Chupa.
Hii ndio roho ya somo zima. Chukua chupa inayoonyesha ndani, chota maji yenye viluwiluwi pale pale mtaani, funga mdomo wa chupa kwa kitambaa cha wavu kisawasawa (mbu akitoroka umeharibu) na umwachie mtu aiweke sehemu anayoiona kila siku. Mwambie apitishe mkono juu yake aone vinavyokimbilia chini kivuli kikipita. Baada ya siku chache vinajikunja kama alama ya mkato, hapo vimeacha kula, na siku mbili hivi mbele mbu kasimama juu ya maji. Watu wazima wanabishana na wewe lakini hawabishani na chupa, maana wengi walikua wanaona vile vidudu kila siku wanadhani ni vidudu tu vya maji. Ukimaliza mwaga kwenye ardhi kavu juani, sio kwenye mtaro.

HATUA YA 3: Pita nyumba kwa nyumba, anzia kwako.
Usiwe askari. Mwombe mwenye nyumba akuongoze, na acha ayaone yeye mwenyewe, kwenye sahani ya chungu cha maua, tairi, ndoo ya nyuma ya choo, mfereji wa bati ulioziba, chombo cha maji ya kuku. Na kweli anzia kwako, mimi nilikuta kwenye beseni langu nikiwa na jirani pembeni, aibu niliyoipata ilinisaidia kuliko vipeperushi vyote.

HATUA YA 4: Siku moja ya wiki, na SUGUA.
Kutoka yai mpaka mbu mzima ni kama siku 7 hadi 10, ndio maana tunasema kila wiki, siku ile ile, watu wote. Ila kumwaga peke yake haitoshi na hapa ndipo wengi wanafeli. Mayai yake hayaelei, yamegandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, madogo meusi kama vumbi, yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa halafu siku ukijaza maji yanaanguliwa. Kwahiyo mwaga, sugua kuta na brashi, ndio ujaze na ufunike.

HATUA YA 5: Homa.
Fupi tu: homa usiibahatishe, nenda kapime. Kama inahisiwa dengue maumivu yatulizwe na paracetamol kwa kipimo sahihi, sio aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni maana zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na homa ikishuka usishangilie mapema, hatari mara nyingi inakuja hapo hapo: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kulegea. Hapo ni kukimbia hospitali.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi nalala kwenye chandarua kila siku, dengue itanipataje?
Mchana kaka, ukiwa umekaa zako. Chandarua usiache lakini, malaria ipo, na mgonjwa wa dengue alale ndani yake hata mchana, kwenye zile siku za homa mbu akimuuma anabeba kirusi anapelekea wengine.

Si wapulize dawa tu mtaa mzima yaishe?
Ile inaua wanaoruka saa hiyo. Mayai na viluwiluwi vimo kwenye pipa, baada ya siku chache kuna kundi jipya. Inasaidia wakati wa mlipuko ila haichukui nafasi ya kusugua.

Niliugua mwaka juzi, sasa si nina kinga?
Una kinga ya aina ile iliyokupata dada yangu. Virusi vya dengue viko aina 4, na ukipata aina nyingine mara ya pili uwezekano wa kuzidiwa ni mkubwa zaidi. Wewe ndio ujifunike zaidi.

Tangi langu kubwa siwezi kumwaga maji kila wiki, nayapata kwa shida
Usimwage. Funika kwa mfuniko uliobana au wavu wenye matundu madogo, na bomba la kutolea hewa nalo lizibe kwa wavu, watu wanalisahau sana hilo. Kama viluwiluwi vimeshaingia muone afisa afya, kuna dawa ya kuviua inayoruhusiwa kwenye maji ya kunywa, usimimine mafuta ya taa kwenye maji ya watu.

Na huyu mbu haleti ukimwi?
Haleti. Kirusi kile hakiishi ndani ya mbu.

Jirani yangu kakataa kabisa tusiingie kwake, tufanyeje?
Mpelekee chupa mlangoni, muachie wiki moja, usiongee kitu.